Ndoano ya Breki

Wadogo zangu, nimestaafu. Najua mtauliza mtu wa miaka thelathini na moja anastaafu kutoka wapi. Mama yangu aliuliza vivyo hivyo, tena akaongeza kwamba yeye bado analima viazi. Lakini mtu akiacha kazi na hana nia ya kuirudia, amestaafu. Kama kuna sheria inayosema lazima kwanza uote mvi, nionyesheni.

Nilikuwa fundi wa breki hapa Eldoret. Nilitoka chuo kikuu na digrii ya falsafa, nikakaa nyumbani nikiuliza watu maswali mpaka baba yangu akachoka. Akanipeleka kwa rafiki yake Wafula, mwenye gereji njia ya Kiplombe, akamwambia, "Huyu anapenda kuuliza. Mpe kitu ambacho hakiwezi kukasirika." Wafula akanipa magari ya four-wheel ya zamani. Hapo nikakaa miaka, mpaka ngozi ya mikono yangu ikagombana na mafuta ya breki, ikawa inabanduka kama viazi vilivyochemshwa na maganda. Hiyo ndiyo sababu ya kustaafu ninayowaambia watu. Sababu nyingine ni ndoano, na ndiyo nataka kuwasimulia. Wengi wenu mmeanza kununua hizi four-wheel za mtumba zilizowazidi umri, taa za dashibodi zinawaka kama Krismasi, na mmeanza kusikiliza ushauri wa kila mtu.

Mtu akiniambia taa ya breki imewaka, kwanza ninamuuliza ni ipi. Kuna nyekundu na kuna ya njano. Nyekundu inahusu breki yenyewe: labda handbreki haijarudi vizuri, labda mafuta ya breki yamepungua. Ikiwaka ukiwa njiani, simama polepole na uangalie. Ya njano huandikwa ABS. Inasema kwamba ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu umelala. Breki za kawaida bado unazo, ila kwenye matope utateleza kama sabuni ya bafuni. Zikiwaka zote mbili kwa pamoja, usisonge. Ita mtu, na huyo mtu asiwe mjomba wako.

Wafula hakuwa na muda wa rangi. Kwenye rafu yake kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa balbu ndogo ndogo, na kila balbu ilikuwa imetoka kwenye dashibodi ya mteja.

"Mteja alikuja na taa, ameenda bila taa," alinieleza nilipouliza. "Sasa unataka nini ingine?"

"Lakini shida bado iko."

"Iko, lakini haisemi. Kwani kwenu nyumbani kila shida inasema?"

Nilimwambia hiyo si hoja. Akasema yeye hakusoma hoja, alisoma breki, na nimpe spana ya namba kumi. Tulibishana hivyo kila siku kama watu waliooana. Hata hivyo, mambo mengine aliyonifundisha ninayashika mpaka leo. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, na uzuie magurudumu mengine. Mafuta ya breki yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamezeeka, yabadilishe. Chupa iliyofunguliwa ikakaa miezi chini ya kitanda, itupe, kwa sababu mafuta hayo hunywa maji kutoka kwa hewa. Na yakipungua kwenye kikopo chake, usikimbilie kuongeza. Mafuta ya breki hayaendi sokoni. Yakipungua, ama pedi zimeisha ama kuna mahali yanavuja, na ukiongeza tu umefanya kazi ya mkebe wa Wafula kwa njia nyingine.

Sasa niwapeleke kwa Askofu.

Askofu ni gari la baba yangu, four-wheel ya kijani iliyopauka. Iliitwa hivyo kwa sababu inatembea polepole na kila mtu anaipisha. Handbreki yake si ile ya kati ya viti. Ni mshikio wa kuvuta, umetokeza chini ya dashibodi kati ya dereva na abiria, umepinda kama mpini wa mwavuli. Ukitaka kufunga unauvuta, ukitaka kufungua unauzungusha na kuusukuma urudi. Kumbukeni huo mshikio.

Mdogo wangu Kariuki alikuwa amempenda msichana anayeitwa Jelagat, na kwao Jelagat ni kule chini bondeni, ukishapita Iten. Siku ya kwanza ya kwenda kuongea mambo ya mahari, waliondoka wanne. Baba alikuwa kwenye usukani. Mbele pamoja naye alikaa dada yake, shangazi Nyambura, ambaye sisi tunamwita Tata. Nyuma walikaa Kariuki na Mzee Githinji, mzee wa kanisa ambaye huenda popote penye chakula na maombi. Tata ndiye alikuwa msemaji. Katika familia yetu hakuna anayeongea mahari kama yeye. Anaweza kupunguza ng'ombe mpaka wenyeji washukuru.

Walipokuwa wakipanda kuelekea Iten, taa nyekundu ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena. Baba alifika pale barabara inapoanza kuteremka, akaangalia lile bonde, akaangalia taa, akageuza gari. Halafu akampigia simu baba ya Jelagat, Mzee Kibet, akamwambia tairi limetoboka, wamepata panja.

Magurudumu yalikuwa manne na spea, na hakuna hata moja lililokuwa na panja. Lakini Baba hakuweza kumwambia mkwe mtarajiwa kwamba ameogopa mteremko.

Mzee Kibet alijibu taratibu. "Sawa. Wazee wangu walikuja, wakakaa, wakakunywa maziwa, wakaenda. Watakuja tena Jumamosi ijayo. Mkikosa mara ya pili, tutajua hamtaki msichana."

Kariuki aliacha kula. Ilikuwa ajabu kuona, kwa sababu Kariuki ni mtu wa kumaliza chapati ya jirani. Nikasema wakodishe gari lingine. Baba akakataa. Alikuwa amemsifia Mzee Kibet hilo gari kwenye simu tangu mwanzo, na kuteremka bondeni na gari la kukodisha kungekuwa kukiri kwamba panja ilikuwa uongo. Nami nikaweka sharti langu.

"Askofu hashuki lile bonde mpaka nijue kwa nini taa iliwaka."

"Mpaka izime," Baba akasema.

"Hapana. Kuzima iko imezima. Mpaka nijue."

"Huyu ndiye nililipia karo," Baba akamwambia Wafula.

Tulianza kazi nyumbani, uani, Wafula akiwa mgeni mashuhuri na mimi nikiwa fundi. Nilianza na handbreki kama inavyotakiwa. Nilivuta mshikio, taa ikawaka. Nikausukuma ukarudi, taa ikazima. Nikasema hiyo ni nzima, nikasonga mbele. Nikafungua kikopo cha mafuta, yamejaa mpaka kwenye alama. Nikafungua magurudumu yote, pedi zilikuwa nene. Nikafuata mabomba kwa kitambaa kikavu nikitafuta unyevu, hakuna. Nikakanyaga pedali nikaishikilia, ikasimama imara. Pedali ikizama polepole chini ya mguu wako, hapo usiondoke nyumbani hata kama unaenda kununua mkate.

Halafu nikaona stika. Ilibandikwa kwenye dashibodi, imeandikwa "Safari Yetu ni ya Bwana," na niliikumbuka tangu nikiwa kidato cha pili. Nikaibandua. Chini yake taa ya njano ilikuwa inawaka, imetulia, kama mtu aliyefungiwa chumbani akazoea.

"Baba, hii imewaka tangu lini?"

"Hiyo si ya kuangalia. Ndiyo maana niliweka stika."

Four-wheel nyingi za zamani hazihitaji kompyuta kwa taa ya namna hiyo. Kuna plagi chini ya boneti. Ukiunganisha matundu mawili yanayohusika kwa kipande cha waya, taa ya ABS huanza kupepesa, na kupepesa kwake ni namba ya kosa. Kwanza inapepesa makumi, inapumzika, halafu inapepesa mamoja. Angalia kwanza kitabu cha gari lako uone ni matundu gani, maana ukiunganisha vibaya utachoma kitu ambacho hakikuwa na shida. Nikaunganisha, nikawaambia wanihesabie nikiwa nimeshika waya.

Hilo lilikuwa kosa. Baba alihesabu tatu na moja. Mzee Githinji, aliyekuwa amepita kusalimia na akakaribishwa chai, alihesabu tatu na mbili. Wafula alihesabu nne.

"Nne na nini?"

"Nne tu. Zote pamoja."

"Ile ya mwisho haikuwa imekamilika," Mzee Githinji akasema. "Mimi sikuihesabu."

"Mzee, umesema mbili. Ukiihesabu inakuwa tatu."

"Hapana, niliihesabu nikaikataa."

Walikuwa kama maajenti kwenye kituo cha kupigia kura. Baba akataka hesabu irudiwe mbele ya mashahidi. Mwishowe nilimpa Wafula waya ashike, nikahesabu mwenyewe, na namba ikawa ya kihisi cha gurudumu la nyuma kushoto, kile mafundi wanakiita sensa. Sensa hiyo ina sumaku ndani, na kazi yake ni kusoma gurudumu linavyozunguka. Niliichomoa nikaikuta ina ndevu. Ilikuwa imejaa unga wa chuma, mweusi, umesimama kama nywele za paka aliyeogopa. Kila jioni Baba alikuwa akiegesha Askofu kwa jirani anayechomelea mageti, kwa sababu jirani ana mbwa, na kila siku grinda ilimwaga unga wa chuma chini, na sumaku ikaokota. Nikaifuta kwa kitambaa na brashi, nikairudisha, taa ya njano ikazima. Ilikuwa haijazima tangu nivae sare ya shule.

Watu walishangilia. Wafula alipewa kuku.

"Imekwisha," Baba akasema.

"Hiyo ni ya njano. Wewe ulirudishwa na nyekundu."

"Zote zimezima. Unatafuta nini?"

"Sababu."

Baba akaenda ndani. Nilisikia akimwambia Mama kwamba hesabu ingekuwa afadhali kuliko falsafa.

Jumapili, Askofu akapanda kile kilima cha kwenda kanisani, Baba na Tata mbele na Mzee Githinji nyuma. Taa nyekundu ikawaka. Walipofika juu penye tambarare ikazima. Mzee Githinji akasema ni maombi yake. Wafula, aliposikia, akatoa bisibisi mfukoni, akaniita kwa jina alilonipa. "Balbu moja tu, Profesa. Dakika mbili. Kariuki anaoa, sisi sote tunakula."

Nikakataa. Wangeanza kuteremka bonde breki zikiwa na shida ya kweli, balbu iliyo mkebeni isingemrudisha mtu. Lakini Kariuki alikuja akaketi karibu nami kwenye tairi kuukuu, akasema kwa sauti ndogo, "Wangui, kama si Jumamosi hii, basi." Nikajua kwamba sasa maswali yangu ndiyo yanayoweza kuvunja harusi yake.

Nikakaa nikafikiria. Kwa jirani taa haiwaki. Uani haiwaki. Iten iliwaka, na kanisani iliwaka. Ni nini kilikuwako kule na hakikuwako hapa? Kilima. Na watu.

Nikawaita wote. Niliwaambia wakae ndani ya Askofu vilevile walivyokaa siku ya Iten, na nguo zilezile, na mizigo ileile. Tata alisimama mlangoni mwa gari akiniangalia kama mtu anayeangalia bei.

"Nivae rinda la ruracio, la siku ya mahari, nikae kwa gari haiendi mahali?"

"Inaenda Tata. Inaenda kwa kilima halafu inarudi."

"Inaenda kufanya nini?"

"Kupanda."

"Na ikishapanda?"

"Inashuka."

"Watoto wa siku hizi," akamwambia Mzee Githinji, lakini akaingia. Mimi nikajikunja chini kwenye sakafu ya mbele, kando ya miguu yake, na tochi mdomoni. Ilikuwa kama kusafiri ndani ya sanduku la viatu. Tulipokuwa tambarare sikuona la ajabu. Askofu akaanza kupanda, na hapo nikaona.

Tata alikuwa ametundika kiondo chake kwenye mshikio wa handbreki.

Mahali tambarare, hicho kikapu kilining'inia wima kikitulia. Gari lilipoinua pua, kiondo kikarudi nyuma, kikavuta mshikio kidogo. Hakikufika hata jino la kwanza la kufunga, lakini kilitosha kugusa swichi. Taa ikawaka. Juu tambarare, mshikio ukarudi, taa ikazima. Breki hazikuwa na ugonjwa wowote. Askofu alikuwa amebeba kiondo tu.

Kiondo chenyewe kilikuwa kizito. Ndani mlikuwa na sukari, majani chai, Biblia, chupa ya maji, na jiwe. Nyinyi ambao mmekulia kwenye magari mapya labda hamjui jiwe. Hapa kwetu mtu wa gari la zamani akisimama mahali pa mteremko, abiria mmoja hushuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, na wenye busara hubeba lao kutoka nyumbani, kwa sababu ukienda kwa watu huwezi kujua mawe yao. Tata alibeba jiwe kwa kuwa haamini handbreki ya Askofu. Na hilo jiwe alikuwa amelitundika kwenye handbreki ya Askofu.

Nilitaka kusema hapo hapo. Wafula, aliyekuwa amejibana nyuma, aliona uso wangu, akapitisha mkono kati ya viti akanifinya bega. Tuliporudi uani akanivuta kando.

"Ukimwambia, atashuka."

Alikuwa na hoja, hata kama hakuzisoma. Tata aliwahi kuondoka kwenye harusi kabla ya keki kwa sababu mpiga picha alimwomba avue kofia. Tukimwambia mbele ya Mzee Githinji kwamba kiondo chake ndicho kilichowarudisha kutoka Iten, angekichukua aende nacho kwake, na Jumamosi tungefika bondeni bila mdomo.

Wafula akaenda gereji, akarudi na ndoano ya chuma, ile ya kutundikia koti. Akaifunga kwa skrubu kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha Tata, mbali na mshikio. Akaipangusa. Halafu akamwita Baba.

"Hii," akasema, "ndiyo ilikuwa inakosekana."

"Ni ya nini?"

"Ya breki."

Nikafungua mdomo. Wafula akaniongelesha chini chini bila kugeuka. "Profesa, ulisema unataka kujua. Umejua?"

"Nimejua."

"Basi. Sisi wengine hatukusema tunataka kujua."

Tata akatundika kiondo kwenye ndoano, kwa sababu ndoano ikiwa mbele ya mtu mwenye kiondo hakuna haja ya maelezo. Tukapanda na kushuka kile kilima mpaka Mzee Githinji akaomba ateremshwe. Taa haikuwaka. Baba akaishika ile ndoano, akaitikisa kwa heshima.

Jumamosi nilienda nao, kwa sababu Baba alitaka fundi karibu. Tulipanda kuelekea Iten, wote tukiangalia dashibodi. Hakuna taa. Baba akafika pale alipogeuzia siku ile, akaweka gia ndogo, akateremka lile bonde akiwa amenyooka kama askofu wa kweli. Hilo pia likumbukeni: mteremko mrefu ni wa gia, si wa kukanyaga breki mpaka zinuke.

Mazungumzo yalienda vizuri. Mzee Kibet alitupokea kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na utani kuhusu panja. Tata aliongea. Ng'ombe wakapungua, mbuzi wakapungua, blanketi zikaongezeka moja ili wenyeji wasiumie moyo. Kariuki alikuwa ameanza kupata rangi. Ndipo Mzee Kibet, aliyekuwa ametupokea awali penye gari na kuliangalia ndani, akainua mkono.

"Ng'ombe tumekubaliana. Mbuzi tumekubaliana. Nimebakisha kitu kimoja."

Kariuki alishika kiti.

"Wakati tulikuwa tunatoka kwa gari, baba ya Kariuki alinionyesha ndoano. Akaniambia taa yake ilikuwa inawaka, wakaweka hiyo, ikazima. Mimi pia niko na four-wheel hapa nyuma. Taa nyekundu inawaka tangu mvua. Nataka ndoano."

Baba alisimama. Sijawahi kumwona akiwa na furaha hivyo. "Utapata ndoano, na fundi wa kuifunga ni huyu msichana wangu."

Wazee wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikifikiria neno moja: tangu. Ya Askofu iliwaka na kuzima. Hii iliwaka tangu mvua, na Mzee Kibet hupanda lile bonde na gari hilo akibeba watu.

"Mzee, naomba niione sasa," nikasema.

"Sasa? Kula kwanza."

"Nitakula nikirudi."

Kulikuwa na mteremko pale nyuma ya nyumba, kwa hiyo nikaazima jiwe la Tata, nikaliweka nyuma ya gurudumu. Lilifanya kazi vizuri sana likiwa mahali pake. Mafuta kwenye kikopo yalikuwa karibu kuisha. Nikafungua gurudumu la mbele. Pedi zilikuwa zimeisha kabisa, chuma kinasugua chuma, diski ina mistari kama santuri.

"Mzee Kibet, hii gari isisonge. Hata kwenda dukani."

"Kwa sababu haina ndoano?"

"Kwa sababu haina breki."

Aliangalia zile pedi. Akachukua moja, akaigeuza geuza. "Lakini ndoano pia utaleta," akasema.

Nililirudia gari hilo wiki iliyofuata nikiwa na Wafula, na Tata ambaye alikuwa na salamu za kupeleka. Nikafunga pedi mpya na diski mpya, nikamimina mafuta kutoka chupa iliyofungwa, nikatoa hewa kwenye mabomba, Wafula akikanyaga pedali na kulalamika. Nikaliendesha polepole uani kabla ya kuliamini. Taa ilizima. Halafu, kwa kuwa neno la Baba lilikuwa limetolewa mbele ya wazee, nikafunga ndoano.

Mzee Kibet alizunguka boma lake lote, akarudi akasimamisha gari mbele yetu kwa breki moja kali. Vumbi likapanda.

"Hiyo ndoano ni kali," akasema.

Nikamweleza kuhusu pedi. Nilieleza kwa utaratibu, nikitumia vipande vya zamani, jinsi pedi zikiisha, mafuta hushuka na taa huwaka. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na hizo pia ni muhimu," akasema.

Tata alikuwa amekaa kivulini, kiondo mapajani. "Hata ya kwetu ni nzuri," akasema. "Wangeiweka zamani singekuwa natundika kiondo kwa handbreki. Kilikuwa kinaivuta mpaka taa inawaka."

Wafula aliacha kupanguza mikono. Mimi nilikaa chini.

"Tata, ulijua?"

"Si nilikuwa nimekaa hapo mbele? Ilikuwa inanimulika usoni."

"Na siku ya Iten?"

"Baba yako alisema ni panja. Mimi nani nibishane na panja?"

"Na ile wiki nzima tukifungua magurudumu, kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, Wangui. Uliuliza waya. Uliuliza magurudumu. Uliingia kwa sakafu na tochi, ukaangalia kiondo changu, ukanyamaza, nikasema labda bado anafikiria."

Nilimwangalia Wafula anisaidie. Alikuwa ameangalia ng'ombe wa mbali.

Usiku huo simu ya Baba ililia nyumbani. Ilikuwa jirani wa Mzee Kibet. Alitaka kujua kama ndoano ziko za saizi zote. Tata alijaribu kumweleza Baba kuhusu kiondo, na Baba akamwambia, kwa upole, aachane na mambo ya magari. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wamekuja gereji wateja kutoka Soy na Plateau, kila mmoja akitaka ndoano, hakuna anayetaka pedi. Wale waliokubali nifungue magurudumu kwanza niliwafungia ndoano bure. Mikono ikazidi kuwasha. Nikampa Wafula spana zangu, nikaja huku Kiplombe kwenye miche yangu ya parachichi. Mche ukiwa mgonjwa haujawahi kuniambia ni panja.

Kariuki na Jelagat wako salama, na Askofu bado anaegeshwa kwa jirani wa mageti, kwa sababu ya mbwa.

Kwa hiyo, wadogo zangu, taa nyekundu ikiwaka simameni. Angalieni handbreki, angalieni mafuta, angalieni pedi, fuateni mabomba na waya. Lakini kabla hujafungua boliti hata moja, mgeukie aliyekaa karibu nawe umuulize ametundika nini, na wapi. Kama bado mnataka ndoano, ziko kwa Wafula, kwenye mkebe uleule wa balbu.